Sanduku Kubwa Liwe la Nani

Mchoro wenyewe ni kitu kidogo. Mraba uliochorwa kwa penseli kwenye karatasi ya daftari. Ndani yake mstatili mkubwa umeegemea kushoto, visanduku vitatu vimeshuka upande wa kulia kimoja chini ya kingine, mistari miwili mizito juu ni ya kichwa cha ukurasa, mistari minne myembamba chini ni ya maelezo, na duara dogo limekaa kwenye kona ambako hakuna kitu kingine. Hakuna uso wa mtu, hakuna rangi, hakuna jina.

Mpe mchoro huo mama wa Nata aliyemwoza binti yake Desemba iliyopita. Mpe mwalimu wa Machochwe mwenye picha za mahafali ya darasa la saba. Mpe kijana wa Robanda ambaye baba yake aliendesha magari ya watalii hadi mvi zikamtoka. Zitapatikana kurasa tatu, na hakuna atakayeziona akadhani zimetokana na mistari ile ile. Utengenezaji wa albamu za kumbukumbu kwenye kompyuta una mengi ya kusifiwa, lakini mimi nataka kuusifu mchoro huu unaotangulia, kwa sababu ndio unaopuuzwa zaidi na ndio unaobeba zaidi.

Hapa Mugumu, wilayani Serengeti, kazi hii haina jina moja. Hufanyika kwenye maduka ya steshenari, katikati ya kazi nyingine: picha za pasipoti, barua za kuomba ajira, kadi za mchango wa harusi, kalenda za kumbukumbu ya marehemu. Mtu anaingia na simu mkononi na bahasha kwapani. "Naomba unitengenezee kitu cha familia," anasema, "kitu kizuri." Ndani ya simu mna picha mia kadhaa za sherehe moja. Ndani ya bahasha mna picha chache za zamani zilizokunjika pembe. Anachokitaka ni ukurasa, au kurasa kadhaa, ambamo picha, maneno, vitambaa na tarehe vimekaa pamoja na kumweleza habari mtu ambaye hakuwapo. Huko Marekani watu wamefanya hivyo kwa gundi na mkasi tangu zamani. Mwandishi Mark Twain alipata hataza ya albamu yenye kurasa zilizokwisha kupakwa gundi mwaka 1873. Kompyuta ilichukua nafasi ya gundi. Toleo la tatu la Photoshop, mwaka 1994, lilileta matabaka, yaani uwezo wa kuweka picha juu ya picha bila ile ya chini kuharibika, na tangu hapo ukurasa ukaweza kupangwa, kupanguliwa na kupangwa tena bila kitu chochote kuchanika.

Uhuru huo una gharama. Ukiwasha kompyuta kabla ya kufikiri, picha inayong'aa zaidi ndiyo itakayoshika katikati. Mkono huenda wenyewe kwenye picha yenye mwanga mzuri na nguo mpya, huku ile ya shangazi aliyemlea bibi harusi, iliyopigwa gizani na mikono inayotetemeka, ikisukumwa pembeni mpaka inatoka nje ya ukurasa kabisa. Mchoro haujui picha ipi imetoka vizuri. Unauliza swali moja kabla hujafungua faili hata moja: sanduku kubwa liwe la nani? Nimeona swali hilo likinyamazisha familia nzima kuzunguka meza. Baba mdogo anamtazama mama mkubwa, mama mkubwa anautazama mlango. Hawajawahi kuulizwa nani ni kiini cha habari yao, na sasa wanaulizwa na kijana mwenye penseli.

Wengi siku hizi huanza na templeti, na sina ugomvi nao. Canva, ambayo imejaa kwenye simu za vijana wetu, ilifunguliwa kwa umma mwaka 2013, lakini mizizi yake imo katika albamu: Melanie Perkins na mwenzake Cliff Obrecht walianza mwaka 2007 huko Perth, Australia, na kampuni ya Fusion Books iliyowawezesha wanafunzi kupanga wenyewe vitabu vya mwaka vya shule zao. Ni asili njema. Hata hivyo templeti huja na maua yake, rangi zake, herufi zake, hata tabasamu za watu usiowafahamu. Ukiondoa picha zao na kuweka zako, umehamia nyumba ya mwenzio pamoja na mapazia yake. Mchoro wa penseli unakuachia kuta peke yake. Unakupa uwiano: hiki kikubwa, hivi vidogo, hapa pasiwe na kitu. Mengine yote utayatafuta kwako.

Na kuta hizo zinasogezwa. Geuza karatasi robo mzunguko, safu iliyokuwa ikishuka kulia inalala chini. Iinue kwenye mwanga wa dirisha uutazame mchoro kwa nyuma, kushoto kumekuwa kulia. Unganisha visanduku viwili kiwe kimoja kirefu kwa ajili ya kundi la kwaya. Gawanya kile kikubwa mara nne kwa ajili ya mapacha na mama zao wadogo. Mchoro mmoja mzuri unaweza kulisha albamu nzima bila msomaji kuhisi kuwa anarudishwa palepale. Mimi huongeza kwenye kila sanduku mshale mdogo unaoonyesha macho ya mtu yanaelekea wapi. Anayetazama kushoto simweki ukingoni kushoto, maana macho yake yatamchukua msomaji na kumtoa nje ya ukurasa. Akikaa kulia na kutazama ndani, anawatazama wenzake, na ghafla picha zilizopigwa miaka tofauti zinakuwa baraza moja. Jambo hilo ukiliacha hadi uwe kwenye kompyuta, utaligundua ukiwa umeshachoka.

Mchoro pia husema mapema nini kinawezekana. Wapangaji wa albamu za aina hii hupenda ukurasa wa mraba wenye inchi 12 kila upande, urithi kutoka albamu za karatasi. Ili uchapike vizuri unahitaji nukta 300 kwa kila inchi, yaani pikseli 3,600 kwa 3,600. Sasa chukua picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida. Imeshabanwa, na mara nyingi upande wake mrefu umebaki na pikseli 1,600 hivi. Gawanya kwa 300: inchi tano na kidogo, kama sentimita 13. Hapo ndipo mwisho wake. Ukiivuta ijaze ukurasa, nyuso zitapotea. Nikiwa na mchoro mezani najua kabla ya yote kwamba picha hiyo inakwenda kwenye kisanduku cha kulia, au namwomba mwenye nayo aitume upya kama dokumenti ifike nzima.

Picha ndogo ya zamani inakwenda kinyume chake, na hapa ndipo ninapoufurahia ufundi huu kuliko mahali pengine popote. Familia nyingi za huku hazina picha nyingine ya babu zaidi ya ile iliyobandikwa kwenye kadi ya chama au kitambulisho cha kazi. Urefu wake ni sentimita nne na nusu. Lakini picha ya filamu iliyosafishwa vizuri ina mengi kuliko inavyoonekana kwa jicho. Iskani kwa nukta 1,200 kwa inchi na utapata zaidi ya pikseli 2,000 kwa urefu, zinazotosha kuichapa kwa sentimita 18. Mzee aliyeishi miaka yote hiyo ndani ya kadi anainuka na kushika mstatili mkubwa wa kushoto. Zinaonekana nyuzi za mshono kwenye kola ya shati. Linaonekana kovu dogo juu ya nyusi ambalo wajukuu hawakuwahi kulisikia likitajwa, na papo hapo shangazi anaanza kusimulia lilivyopatikana. Mhuri uliopita begani nauacha. Ningeweza kuufuta kwa dakika chache, na wapo wanaolipia ufutwe, lakini mhuri ule unaeleza picha ilipigwa kwa ajili gani, nayo ni sehemu ya habari zake.

Anayedhani kwamba kufanya kazi ndani ya mpangilio uliochorwa na mwingine kunaua ubunifu, aitazame kanga aliyojifunga mama yake. Pindo huzunguka pande zote nne. Mji hukaa katikati. Jina huandikwa kwenye mji, sehemu ya chini, sambamba na pindo refu. Vizazi vya wachoraji wa Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam wamepokea mchoro huo na hawajaona haja ya kuuvunja. Ndani yake wameweka korosho, majani, mananasi, meli, mwenge wa uhuru. Alipofariki Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama katika mkoa wetu huu wa Mara, tarehe 14 Oktoba 1999, sura yake nayo iliingia kwenye kanga, na kila mwanamke aliyeishika alijua pa kuangalia kwanza na pa kusoma baadaye, kwa sababu mpangilio alikuwa nao kichwani tangu utotoni. Ndiyo faida ya umbo linalojulikana: jicho halipotezi muda kutafuta njia. Kutoka kwa kanga nimechukua pia adabu ya maneno. Jina la kanga ni fupi, ni la herufi kubwa, na limepewa mahali pake pamoja. Kichwa cha ukurasa kinachozidi maneno sita kwa kawaida kinafanya kazi ambayo maelezo ya chini yangeifanya vizuri zaidi.

Na hata kukata na kubandika picha si jambo geni kwetu. Kule Lamu, Omar Said Bakor, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 1993, aliendesha studio ambamo alikata picha za wateja, akazipanga na mapambo na kuzipiga upya, hata uso wa mtu ukatokea ndani ya ua. Alijifundisha mwenyewe. Hakuwa na matabaka ya Photoshop; alikuwa na mkasi na chumba cha giza, na jicho lililoamua kabla ya mkasi. Ninapochora sanduku la duara katikati ya mraba, namfikiria yeye, na natamani vijana wanaojifunza kazi hii Mugumu, Tarime na Musoma walijue jina lake kama wanavyoyajua majina ya programu.

Kuna jambo linaloifanya kazi hii iwe na uzito wa pekee mahali hapa. Serengeti imepigwa picha kuliko sehemu nyingi za Afrika. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1951. Filamu kuhusu hifadhi hiyo iliyotengenezwa na Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, aliyekufa kwa ajali ya ndege Januari 1959 wakati wa kazi hiyo, ilitoka mwaka uleule na kupata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Urithi wa Dunia tukawa mwaka 1981. Vitabu vya picha kubwa za nyumbu wakivuka mto Mara vimejaa kwenye maduka ya viwanja vya ndege. Katika vitabu hivyo nchi haina watu. Mzazi wa Robanda anaweza kuvipekua vyote asimwone mtu mmoja wa ukoo wake, ingawa lango la Ikoma liko jirani na nyumbani kwake na mababu zake waliwinda, walichunga na kuzikwa kwenye nyika hizo kabla hazijaitwa hifadhi.

Ndiyo maana, bwana harusi anapoomba nimwekee simba nyuma yake, huwa namshauri tofauti. Naelewa anachokitaka: anataka mtu wa mbali ajue kwamba anatoka Serengeti. Lakini simba ana kurasa zake tayari, zimechapwa kwa karatasi nzuri na kusambazwa dunia nzima. Ukurasa huu mmoja ni wa kwake na mkewe. Mandharinyuma yake yawe ukuta wa nyumba waliyofikia wageni, au ukili wa mkeka waliokalia wazee wakati wa kuhesabu mahari, au mtama ulioanikwa uani asubuhi hiyo. Hivyo vitu hakuna mpiga picha wa kigeni aliyevifuata.

Ugumu wenyewe unakuja pale mchoro una masanduku manne na familia ina picha tatu. Katika kazi ya templeti, ungechagua templeti nyingine. Anayeshika penseli anaweza kuliacha sanduku la nne lilivyo na kuuliza lingekuwa la nani. Kwetu jibu mara nyingi ni mtu aliyeishi na kufa bila kupigwa picha hata moja, au mahali ambapo hapapo tena. Wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya mwaka 1973 na 1976, watu walihamishwa kutoka kwenye miji yao ya asili, nyumba zikabaki mahame, na hakuna aliyekuwa na kamera wakati wa kufunga mizigo. Upande wa hifadhi ni vivyo hivyo. Yako mahame ambayo leo huwezi kuyafikia bila kibali.

Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyefanya utafiti na wazee wa Mara, alichapisha mwaka 2003 mkusanyiko wa historia zilizoandikwa na wenyeji wenyewe, na mwaka 2007 kitabu chake Imagining Serengeti. Humo inaonekana wazi kwamba wazee wa Nata, Ikoma, Ishenyi na Ngoreme huikumbuka nchi kwa mahali: kilima hiki, chemchemi ile, mahame ya fulani, penye emisambwa, yaani mizimu, ya ukoo fulani. Kwa hiyo sanduku lisilo na picha hujazwa na mahali. Hapo ramani inasaidia sana. Tangu mwaka 2015 wajitoleaji wa Crowd2Map wamekuwa wakichora nyumba, njia na mito ya vijiji vyetu kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, kazi iliyoanzishwa ili wasichana wa huku wanaotishiwa ukeketaji waweze kufikiwa haraka, maana vijiji vingi havikuwa kwenye ramani yoyote ya kufaa. Mtu yeyote anaweza kuitumia mradi ataje chanzo. Naikata ramani kwa umbo la sanduku, naipunguza rangi, na mzee anaweka kidole: hapa, kati ya mkondo huu na jiwe lile, ndipo alipozaliwa mama yangu. Penye kidole chake naweka nukta.

Wasichana hao wamenifundisha na jambo jingine. Wapo ambao sura zao hazifai kuonekana, kwa usalama wao, hata siku ya mahafali yao. Ukurasa wa msichana wa namna hiyo unadai fikra zaidi: mikono iliyoshika cheti, viatu vipya, mgongo wa sare, maandishi yake mwenyewe yaliyoskaniwa kutoka kwenye daftari. Bila mchoro mtu angekata tamaa na kusema hakuna picha ya kutumia. Kwa mchoro, sanduku kubwa linabaki lake, na anayestahili kujua atajua.

Kurasa ninazozipenda kuliko zote zinatoka katika hali kama hizo. Familia moja ya Kingoreme ilitaka ukurasa wa bibi yao, na hawakuwa na picha yake hata ya kitambulisho. Tulichora mraba. Mjukuu wa kwanza alipendekeza sanduku kubwa liwe la mwana mkubwa wa bibi, ambaye picha zake ni nyingi na nzuri. Mama mkubwa akakataa. Penseli ikafutwa, ikachorwa tena, sanduku likabaki kwa bibi, na ubishi ukahamia kwenye kitakachokaa ndani yake. Wakaleta kanga yake. Skana ya duka haimezi zaidi ya karatasi ya A4, kwa hiyo tuliitandika kwenye kivuli cha ukuta asubuhi, tukaipiga picha kutoka juu ya stuli, mji wake ukakaa wote ndani ya sanduku na pindo upande mmoja tu, palipochakaa kwa kufungwa mgongoni. Watoto wake sita wakapewa visanduku vidogo kando, wote wakiitazama kanga. Kwenye mistari ya maelezo palitokea kutokubaliana: baba mdogo alisema bibi alihamia kijiji kipya mwaka 1974, mama mkubwa alisema ni mwaka uliofuata, baada ya mavuno. Mistari minne haikutosha. Tuliongeza wa tano, tukaandika miaka yote miwili, na mbele ya kila mwaka jina la aliyeusema.